Umri wa Ajuza

Mama yangu alikataa kupasuliwa nyonga siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, mbele ya daktari wa mifupa, wauguzi wawili, na mgonjwa mmoja aliyekuwa akipita zake na magongo. Alikataa kwa adabu kabisa. Alimshukuru daktari, akamwambia koti lake limeshonwa vizuri isipokuwa kola imelegea, halafu akanigeukia: "Mwanangu, twende zetu."

Nikamfuata nimebeba mkoba wake, faili lake na hasira zangu. Picha ya mfupa tulikuwa tumeonyeshwa wote. Mimi kazi yangu ni nyota, mifupa siijui, lakini hata mimi niliona kwamba kile kichwa cha mfupa kimelika kama kipande cha sabuni. Daktari alieleza bila kupindisha maneno: nafasi ya Mama ni Jumatano ya wiki inayofuata. Akiikosa, nyingine ni baada ya miezi minane, na kufikia hapo nyonga itakuwa imekakamaa, kutembea asahau.

"Umemsikia lakini?" nilimuuliza kwenye korido.

"Nimemsikia. Kibovu nyonga, masikio mazima."

Shida haikuwa upasuaji wenyewe, au ndivyo alivyotuambia. Shida ilikuwa wiki sita za baadaye. Akitoka hospitali lazima akae kwenye nyumba isiyo na ngazi, na awe na mtu wa kumwosha, kumnyanyua na kumvalisha viatu. Mimi nakaa ghorofa ya nne, na lifti yetu ina kibao cha "inatengenezwa" tangu nihamie. Chumba cha Mama kiko juu ya duka lake la ushonaji, ngazi kumi na saba zilizosimama wima. Aliyebaki ni mdogo wake, Mama Mdogo, mkunga mstaafu, nyumba yake chini kabisa, bafu pana, na mikono iliyonyanyua wazazi kwa miaka thelathini na sita. Mama Mdogo alishasogeza kitanda karibu na dirisha. Alishatandika hadi shuka.

"Siendi," Mama alisema. "Mimi ndiye niliyemwosha yule. Mimi ndiye niliyemfunga kamba za viatu. Leo nilale kitandani kwake anioshe yeye? Mimi mkubwa wake!"

"Mama, una miaka sitini na sita, yeye ana sitini na nne na kitu. Hapo mkubwa nani, mdogo nani?"

Alisimama katikati ya njia, akanitazama kuanzia utosini mpaka kwenye kandambili, halafu akashika njia. Tukaenda hadi nyumbani. Mtu akiwa mkubwa kwa miaka sitini na kitu, huwezi kumvua hicho kitu barabarani.

Huo ukubwa wake una historia, na naijua vizuri kwa sababu nimelala nikisimuliwa. Wazazi wao walihamia mbali kutafuta kazi, wakazaa huko, wakafa huko kwa ugonjwa mmoja katika mwezi mmoja. Dereva wa lori akawaleta watoto kwa Bibi, mama wa baba yao, ambaye hakuwahi kuwaona. Barua alizowahi kupata zilisema tu, tumepata binti, halafu, tumepata binti wa pili. Watoto wenyewe walikuwa wadogo mno, hawajui nani alitangulia kuzaliwa. Mmoja mrefu, mnene, anaongea kutwa. Mwingine kimbaumbau, ametoka kuugua surua, hasemi neno. Bibi akawasimamisha kwenye fremu ya mlango, akatazama vichwa, akasema, "Huyu mkubwa, huyu mdogo." Mrefu ndiye mama yangu. Mwaka uliofuata mwandikishaji alipopita akaandika alivyoambiwa, na kuanzia hapo ikawa sheria.

Miaka michache baadaye Bibi akapooza upande mmoja. Mtu wa kubaki nyumbani kumwangalia akatakiwa, na Bibi akaamua kwa maneno mawili: "Mkubwa abaki." Mama akaacha shule akiwa darasa la tatu. Mdogo akaendelea, akasoma, akawa mkunga. Mama hakuwahi kulalamika mbele yangu hata siku moja. Tena alikuwa anajivunia jambo hilo. Mdogo wake alipovaa kofia ya ukunga kwa mara ya kwanza, ni Mama aliyemshonea gauni.

Sasa nieleze na kazi yangu, maana bila hiyo hamtaelewa jinsi nilivyokuwa mjinga. Mama huwaambia majirani kuwa mimi ni daktari, kisha anaongeza upesi, "lakini si yule wa maana." Napima umri wa pulsa. Nyota kubwa ikilipuka, katikati hubaki tufe dogo, upana wake kama mji wa kawaida, uzito wake unalishinda jua. Tufe hilo linazunguka, na kila mzunguko linatupiga mwale wa redio, antena zetu zinasikia: ti, ti, ti. Hiyo ndiyo pulsa. Ni sumaku kali kupindukia, na sumaku hiyo ndiyo breki yake, inayoipunguza kasi kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka.

Basi sisi tunapima vitu viwili. Mzunguko mmoja unachukua muda gani, na muda huo unarefuka kwa kiasi gani. Unagawanya cha kwanza kwa mara mbili ya cha pili, umri huo hapo, hesabu ya mstari mmoja. Ni hesabu tamu sana na inadanganya kweupe. Kwanza inachukulia kwamba pulsa ilizaliwa ikizunguka kwa kasi kubwa mno kuliko ya leo. Pili inachukulia kwamba sumaku yake haijabadilika tangu siku hiyo. Hayo mawili hakuna aliyekuwepo kuyashuhudia.

Nina pulsa moja ninayoihangaikia kwa miaka sita. Ile hesabu inasema ina miaka milioni mia moja na tisini, kwa hiyo ofisini tukaipa jina Ajuza. Halafu tukaja kutazama pembeni yake. Ajuza amekaa katikati ya wingu la mlipuko uliomzaa, wingu bado linatanuka, na wingu lina kasi inayopimika. Ukirudi nyuma kwa kasi hiyo unafika kwenye mlipuko miaka elfu saba tu iliyopita. Elfu saba! Ajuza wetu ni kigoli. Ninavyoamini mimi, baada ya mlipuko vifusi vilimrudia vikamfukia sumaku yake, breki ikawa dhaifu, ndiyo maana hapungui kasi, na asiyepungua kasi hesabu inamwona mzee. Sumaku iliyofukiwa itapanda juu polepole, maelfu ya miaka, na siku moja breki itashika. Makala yangu yanaanza hivi: umri wa pulsa usiulizwe pulsa yenyewe, viulizwe vilivyo kando yake.

Niliwahi kumpelekea Mama sauti ya Ajuza kwenye simu. Alisimamisha cherehani, akasikiliza ameinamisha kichwa. "Hii mashine haijachoka," akasema. "Iliyochoka inasitasita. Hii mpya." Mimi nilikuwa nimetumia miaka minne na kompyuta tatu kufika hapo. Nilitamani kumtaja kwenye makala.

Basi Jumamosi Mama Mdogo akatuita kula kwake. Alitaka kumlainisha dada yake na mimi nikatumwa kumleta. Mama alikuja akiwa amenuna, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango kama mtu aliyekuja kukusanya kodi ya taka. Kitanda cha dirishani kilikuwa kinaonekana kutoka pale, na shuka zake mpya, na Mama alikipa mgongo.

"Dada, kula paja," Mama Mdogo akamwambia.

"Mpe mtoto."

"Mtoto ana miaka thelathini na nane!"

"Ndiyo, na hana nyama mwilini."

 Vijiko vinagonga sahani. Mama Mdogo akanitazama, akatazama sahani, kisha akatoa silaha yake ya mwisho, hadithi ya jino. Ile hadithi nimeisikia mara mia, na mara zote mia inamchekesha Mama hata awe amekasirika vipi.

"Unakumbuka siku jino langu la kwanza lilipolegea?" akaanza.

"Usianze."

"Jino la mbele, linacheza. Dada akalifunga uzi, akafunga uzi kwenye mlango, akaupiga mlango teke. Pwaa! Jino hilo sakafuni. Mimi nacheka na damu mdomoni. Nageuka, namwona dada yangu analia kuliko mimi!"

Mama midomo ikaanza kumcheza. "Nililia kwa haki kabisa. Mdogo kanitangulia!"

"Akashika uzi uleule, akaufunga kwenye jino lake zima, zima kabisa, halitikisiki, anasema lazima na lake litoke leoleo, yeye ndiye mkubwa. Bibi alimkamata mlango uko wazi, mguu uko hewani!"

"Na halikutoka," Mama akasema, sasa anacheka waziwazi, machozi yanamtoka. "Lilikaa! Nikaingia darasa la kwanza, darasa zima mapengo matupu, mimi peke yangu meno yote thelathini."

"Ishirini, Dada. Ya utotoni ni ishirini."

"Ishirini, basi. Yamepangika kama shanga. Mwalimu mwenyewe aliyasifu. La kwanza lilikuja kung'oka baada ya mvua mbili, nimeshasahau kulia."

Wakacheka, wakapigana mabega. Mimi nilikuwa na tonge mdomoni. Nikatafuna mara mbili, ya tatu nikasahau.

Miaka thelathini na nane nimeisikia hadithi ile nikiicheka kwa sababu ni ya jino. Leo nikaisikia kama ninavyosikia antena. Mdogo jino lilitangulia kung'oka. Mkubwa akafuata mvua mbili baadaye. Mkubwa akaanza shule ana meno yote ya utotoni wakati wenzake wana mapengo. Na nani alisema huyu ndiye mkubwa? Fremu ya mlango. Urefu. Hesabu ya mstari mmoja! Mimi, msomi mzima, ninayekwenda kwenye mikutano kuwafokea watu kwamba wasimuulize Ajuza umri wake mwenyewe, nilikuwa nimeamini fremu ya mlango tangu nizaliwe.

"Daktari wa nyota anahesabu nini chini ya meza?" Mama akauliza.

"Siku za kwenda hospitali," nikajibu, na kicheko chake kikakatika palepale. Akavuta sahani ya paja.

Baada ya kula nikamfuata Mama Mdogo jikoni kuosha vyombo. Nilikuwa najiambia nisikurupuke. Meno peke yake hayatoshi, watoto hutofautiana, wengine huchelewa. Kipimo kimoja si ushahidi, unahitaji cha pili kisichotegemea cha kwanza. Nikafungulia bomba lipige kelele.

"Mama Mdogo, samahani kwa swali. Kati yako na Mama, nani alivunja ungo kwanza?"

Aliendelea na sahani aliyoishika. Aliiosha, akaisuuza, akaiweka kwenye rafu. Halafu akafuta mikono, kidole kimoja kimoja, kama anayejiandaa kuzalisha.

"Umefika," akasema. "Nilikuwa najiuliza itakuchukua miaka mingapi, na digrii zako zote hizo."

Nilishika ukingo wa sinki.

"Mimi," akasema. "Nilimtangulia kwa miaka miwili kasoro. Na mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa mgonjwa, niliyekonda. Mtoto aliyedhoofu huchelewa, hawahi. Kwa hiyo ukitaka kusema mwili ulidanganya, ulidanganya kwa upande wa kuificha tofauti. Tofauti yenyewe huenda ni kubwa zaidi."

Ni hoja ambayo ningeiandika mimi. Alikuwa ameifikia jikoni bila kompyuta hata moja.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Mwaka wa pili wa ukunga. Mwalimu anafundisha meno ya watoto, lipi linaota lini, lipi linang'oka lini. Wenzangu wanaandika. Mimi kalamu ikasimama. Nikatoka nikajifungia chooni mpaka kipindi kikaisha." Akafunga bomba, na nyumba ikawa kimya, ikabidi ashushe sauti. "Mkubwa abaki, Bibi alisema. Mkubwa nilikuwa mimi. Wa kubaki na Bibi, kupika, kumgeuza kitandani, nilikuwa mimi. Ile shule ilikuwa yake. Nimekaa kwenye dawati lake, mwanangu. Ningekwenda kumwambiaje?"

"Kwa hiyo ukanyamaza."

"Nikamwita Dada. Miaka arobaini na nne namwita Dada, kila nikitamka najua ninachokifanya. Niliona angalau hilo nisimnyang'anye."

Nilimkumbatia na mikono yangu ya sabuni, gauni lake likaloa mgongoni. Nampenda mwanamke yule kuliko ninavyojua kusema. Nikamwambia sikioni, basi tusimwambie. Kama Mama si mkubwa, basi aliacha shule bure, na huo ukubwa ndio kitu pekee alicholipwa. Tutamtafutia njia nyingine ya kukubali. Nitambeba mgongoni ngazi zote za ghorofa nne.

"Utambeba na nini, na mgongo huo wa kukaa kwenye kiti?" Alinisukuma taratibu, akanipangusa uso na kitambaa cha vyombo. "Sikiliza. Nimenyamaza kwa sababu ukweli ulikuwa haumsaidii kitu, unanisaidia mimi tu kupunguza mzigo. Sasa unamsaidia. Kesho nakwenda kumwambia. Wewe uwepo, miguu ikinikataa unishike."

Jumapili saa tano asubuhi tulimkuta dukani. Ulikuwa msimu wa shule kufunguliwa, na Mama hushona sare za shule tatu. Meza ya kukatia ilikuwa imejaa sketi za buluu na mashati meupe, chaki, mkasi, futi ya kupimia imening'inia shingoni mwake. Mguu mbovu ameunyoosha pembeni, anakanyaga cherehani kwa ule mzima. Mama Mdogo alikuwa amevaa gauni lake la misa. Alikaribishwa kiti, akakataa.

Akasema yote amesimama. Hakupamba na hakujitetea. Meno, ungo, darasa la ukunga, chooni, miaka arobaini na nne. Alipomaliza alisema, "Mkubwa ni mimi. Ulibaki kwenye zamu yangu. Nilijua na sikukwambia."

Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, na macho yale sikuyapenda.

"Hila yako hii."

"Mama..."

"Umeona nimekataa, ukaenda kutunga hesabu. Umemwingiza na huyu. Ili niseme, ah, kumbe mimi mdogo, basi haya nioshwe. Unanichukulia mimi mtoto? Sina darasa, lakini akili ninazo!"

"Mama, ningekuwa natunga, ningetunga kitu ambacho hakinilizi," nikasema, na kweli nilikuwa nalia, tena vibaya, pua na kila kitu. "Sikutaka hata uambiwe. Muulize yeye. Nilimsihi tunyamaze."

Mama akarudi kwenye cherehani. Akakanyaga, akashona mstari mmoja wa upindo, akafika mwisho, akaacha kukanyaga.  Mama Mdogo bado wima kama askari, mimi natafuta kitambaa. Na Mama akaanza kuongea, akiliambia lile gurudumu la cherehani.

"Miaka arobaini wanaletwa hapa. Wa darasa la kwanza. Nawaambia wazazi, msinitajie umri, umri haunisaidii kitu, mleteni mtoto nimpime. Nawapima mabega, nawapima kiuno, nawatekenya wasimame vizuri, wanacheka." Akalizungusha gurudumu kwa kidole. "Wanacheka, naona mapengo. Wote. Kila mwaka. Nimeshaona mapengo ya watoto wangapi mimi? Na mimi nilikuwa na meno yangu yote."



"Nikajisifu," akasema. "Nikajisifu kwa mwalimu."

Akageuka sasa, akamtazama mdogo wake, au dada yake, sijui nimwiteje hapo. "Nilipoacha shule nilikuwa na miaka mingapi?"

"Minane," Mama Mdogo akajibu. "Zaidi ya hapo kwa miezi tu."

"Nimekuwa nikisema kumi."

"Ilikuwa minane."

Mama akanyoosha mkono mezani. Hakutafuta, mkono wake unajua kila kitu kilipo. Akachomoa sketi moja kwenye rundo, ya msichana wa miaka minane, mshipi wake ukiwa umebanwa na pini tu. Akaishika kwa ncha mbili za kiuno, akaiinua mbele yake. Kiuno kile kilikuwa kidogo, unaweza kukizungusha kwa viganja viwili. Aliitazama muda mrefu. Alikuwa ameshona maelfu ya sketi za namna ile, na sidhani kama aliwahi kuiona.

"Hiki," akasema, "ndicho kilichokuwa kinamgeuza Bibi kitandani."

Ndipo alipolia. Sikuwahi kumwona mama yangu akilia namna ile, hata tulipomzika baba yangu. Alilia ameikumbatia sketi, mabega yanatikisika, hajifichi. Mama Mdogo akapiga magoti pale kwenye vipande vya nguo na nyuzi.

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Ulikuwa na miaka tisa. Kwani wewe ndiye uliyetupima mlangoni?" Akajifuta kwa upande wa mkono. "Ungebaki wewe, na kifua chako kile kibovu, ungekufa. Na mimi ningebaki na nani?"

"Lakini baadaye nilijua."

"Ulijua, ukanishonesha magauni yako yote bila kunisikiliza bei," Mama akasema. "Hilo ndilo nisilokusamehe."

Mama Mdogo akacheka huku analia, na mimi nikaona nafasi. Nikafungua mdomo niseme Jumatano. Mama akaniinulia kidole kimoja, nikaufunga. Akawa anaikunja sketi juu ya paja lake zima, mara mbili, mara nne, mpaka ikabaki kipande kidogo. Alipoongea tena sauti ilikuwa nyembamba, sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Dada."

Mama Mdogo aligeuka nyuma kutazama mlangoni, kuona nani anaitwa. Hapakuwa na mtu. Akarudisha uso polepole.

"Dada, naogopa," Mama akasema. "Naogopa kisu. Naogopa ile dawa ya usingizi, nilale nisiamke, nimwache huyu mtoto peke yake na nyota zake. Tangu Jumatatu silali. Si mambo ya kuoshwa, Dada. Naogopa."

 Siku sita nilikuwa nimebishana naye kuhusu ngazi, bafu na shuka, na wala sikuuliza. Mama Mdogo hakusema usiogope. Alinyanyuka, akavuta kigoda, akakaa wakagusana magoti, akamshika mikono yote miwili.

"Jumatano nitaingia nawe hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Nawajua wale, hawatanifukuza. Utakapofumbua macho utaniona mimi kwanza, kabla ya daktari."

"Na usipokuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Halafu utaniosha?"

"Nitakuosha."

"Una mikono migumu. Utanikwaruza."

"Nyamaza, mtoto wewe."

Na mama yangu, ambaye sijawahi kuona mtu akimnyamazisha, akalaza kichwa kwenye bega la dada yake, akanyamaza.